Z8: BMW ilivyoifufua hasara yake nzuri kuliko zote

Max Hoffman alikuwa na hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeisikiliza mara mbili. Nitengenezeeni gari la wazi la viti viwili, aliwaambia BMW, liuzwe Marekani kwa dola 5,000, nami nitawauzia 5,000 kwa mwaka. Hoffman alikuwa mzaliwa wa Austria aliyehamia New York na kuwa muagizaji mkubwa kuliko wote wa magari ya Ulaya nchini humo. Duka lake la Park Avenue lilisanifiwa na Frank Lloyd Wright. Mercedes-Benz walikuwa wamemsikiliza, wakatoa 300 SL, lile gari la milango inayofunguka kwenda juu. Porsche nao walimsikiliza, wakatoa Speedster. Mtu wa namna hiyo akikuletea wazo mwaka 1954, na wewe ni kampuni inayohema kwa shida, humfungii mlango.

Na BMW ilikuwa inahema kwa shida kweli. Vita viliacha kiwanda chake cha Munich kikiwa magofu, na kile cha Eisenach, kilikokuwa kikitengenezewa magari, kikabaki upande uliotawaliwa na Wasovieti. Kampuni ikaanza upya na pikipiki. Mwaka 1952 ikaanza kuuza gari, lakini gari lenyewe, 501, lilikuwa kubwa, zito na ghali katika nchi ambayo watu wengi walikuwa bado wanatafuta viatu. Kitu kimoja tu walichokuwa nacho kilimtia Hoffman tamaa: injini mpya ya silinda nane iliyotengenezwa kwa alumini, ya kwanza ya aina yake Ujerumani baada ya vita.

Mchoro wa kwanza wa gari alilolitaka ulitoka ndani ya kampuni, kwa mhandisi Ernst Loof. Hoffman aliutazama, akasema gari hilo halitauzika. Badala yake akamtaja Mjerumani mmoja aliyekuwa akiishi palepale New York, Albrecht von Goertz.

Goertz alizaliwa katika familia ya makabaila mwaka 1914, na cheo cha ukoo alikuwa nacho, ila pesa hakuwa nazo. Alihamia Marekani mwaka 1936, akaosha magari, akafanya kazi kiwandani, kisha akafungua gereji California alikoyabadilisha magari ya zamani ya Ford yawe ya kuvutia. Alijitengenezea gari lake mwenyewe juu ya chesisi ya Mercury, akaliita Paragon. Baada ya kutumikia jeshi la Marekani vitani aliliendesha hadi New York, na nje ya hoteli ya Waldorf-Astoria likaonwa na Raymond Loewy, msanifu aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Marekani wakati huo. Loewy akampeleka shule, kisha akampa kazi. Ndiyo kusema mtu aliyekuja kuchora gari zuri kuliko yote ya BMW hakuwahi kuajiriwa na BMW, na elimu yake ya umbo aliipatia Marekani. Nadhani hilo linaonekana kwenye gari.

Gari likaitwa 507. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika hoteli ileile ya Waldorf-Astoria, kiangazi cha mwaka 1955. Lilikuwa na boneti ndefu na buti fupi, na kiuno kilichobanwa nyuma ya mlango kabla ya mwili kufura tena juu ya gurudumu la nyuma. Grili ya BMW siku zote ilikuwa figo mbili zilizosimama wima. Goertz alizilaza chali, zikatanuka hadi karibu na taa, na pua ya gari ikawa nyembamba na kali. Pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele, aliweka tundu la kutolea joto la injini lenye mistari ya kromu. Basi. Hakuna mapambo mengine ya kutaja, katika miaka ambayo Marekani ilikuwa inabandika mapezi kwenye kila kitu chenye magurudumu.

Tatizo lilikuwa namna ya kulitengeneza. Bodi ilikuwa ya alumini na ilifinyangwa kwa mkono, nyundo kwa nyundo. Fundi yeyote wa kunyoosha bodi, awe wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, anajua maana yake: hakuna pande mbili zinazolingana sawasawa. Paa gumu lililotengenezewa gari moja halikukaa kwenye gari jingine. Tangi la petroli la magari ya mwanzo lilichukua lita 110 na liliwekwa nyuma ya viti, likala nafasi ya mizigo. Ukifunga turubai juu, harufu ya mafuta ikawa inasafiri pamoja nawe. Baadaye tangi hilo lilipunguzwa.

Kila saa ya nyundo ilikuwa na bei yake. Zile dola 5,000 za Hoffman ziligeuka kuwa 9,000, na mwishowe zikapita 10,000. Kwa fedha hizo mtu aliweza kufikiria 300 SL, iliyokuwa na kasi zaidi. Magari 5,000 kwa mwaka yakawa ndoto. Tangu mwaka 1956 hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1959, yalitengenezwa kama 250 tu kwa jumla, na kila moja lililotoka kiwandani lilitoka na hasara.

Walioyaendesha walikuwa watu wa namna yake. Elvis Presley, akiwa askari wa Marekani huko Friedberg, Ujerumani, alikodi 507 nyeupe mwishoni mwa mwaka 1958, gari ambalo kabla yake lilikuwa limeendeshwa kwenye mashindano na Hans Stuck. Mashabiki wa kike walikuwa wakiandika ujumbe juu ya ile rangi nyeupe kwa lipstiki, hadi akachoka akalipaka nyekundu ili maandishi yasionekane. John Surtees, bingwa wa dunia wa pikipiki mwaka 1956, alipata yake kwa msaada wa bosi wa timu yake ya MV Agusta kama zawadi ya ubingwa, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2017.

Lakini kampuni haiendeshwi kwa mashabiki. BMW ilikuwa na magari ya kifahari yasiyouzika upande mmoja, na upande wa pili Isetta, kigari chenye umbo la yai na mlango mmoja wa mbele kilichotengenezwa kwa leseni ya Waitaliano. Katikati hapakuwa na kitu. Mwaka 1959 hasara ilifika mamilioni ya maki za Kijerumani, na tarehe 9 Desemba wanahisa waliitwa mkutanoni kupokea pendekezo la kuikabidhi kampuni kwa mshindani wake, Daimler-Benz. Wanahisa wadogo na wauza magari waligoma, mkutano ukaenda mrama, na muda mfupi baadaye mwekezaji Herbert Quandt akaongeza hisa zake na kuiokoa kampuni. Yaliyoiinua BMW baada ya hapo yalikuwa magari ya tabaka la kati, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1962. 507 ikabaki kumbukumbu nzuri yenye ankara mbaya.

Halafu ikapita miaka 30 na ushei.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulimwengu wa magari ulikuwa umeanza kugeuza shingo. Wajapani ndio waliotangulia: Nissan ilitoa Be-1 mwaka 1987, kisha Pao na Figaro, vigari vya idadi maalumu vilivyovishwa sura ya miaka ya 1950, na wanunuzi wakalazimika kuchaguliwa kwa bahati nasibu kwa sababu walizidi magari. Mwaka 1989 Mazda ikatoa MX-5, iliyoirudisha ile raha ya gari dogo la wazi la Kiingereza bila mafuta kuvuja sakafuni. Mwaka 1994 Volkswagen ikaonesha Detroit mfano wa Kobe (Beetle) mpya, uliochorwa na J Mays na Freeman Thomas, na watu wakapagawa. Ilikuwa wazi kuwa kumbukumbu inauzika.

Ila kuna tofauti kubwa kati ya kumbukumbu ya Kobe na ya 507. Kobe walilijua mamilioni. Walijifunzia udereva ndani yake, na katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, lilikuwa gari la padri, la mwalimu na la daktari. 507 waliiona kwa macho wachache mno. BMW ilikuwa inataka kuwauzia watu kumbukumbu ya kitu ambacho hawakuwa nacho, na babu zao hawakuwa nacho. Kwa hiyo haikuweza kutegemea machozi ya mnunuzi, na umbo lenyewe lilipaswa kubeba mzigo wote.

Wazo la kulirudisha lilikuwa na watetezi juu kabisa. Bernd Pischetsrieder, aliyeshika uenyekiti wa BMW mwaka 1993, alikuwa mpenzi wa magari ya zamani kiasi kwamba mwaka uliofuata kampuni yake iliinunua Rover ya Uingereza, pamoja na majina mengi ya kale yaliyokuwa yamelala kabatini mwake. Mkuu wa utafiti na uundaji, Wolfgang Reitzle, naye alikuwa mtu wa jicho kali kwa vitu vizuri. Mkuu wa usanifu alikuwa Chris Bangle, Mmarekani aliyeingia mwaka 1992, ambaye baadaye jina lake lingewagawa mashabiki wa BMW katika makambi mawili kwa sababu ya magari yaliyokataa kabisa kutazama nyuma. Inachekesha kidogo kwamba chini yake ndiko lilikotoka gari la kampuni hiyo lililotazama nyuma kuliko yote.

Kalamu ilikuwa mikononi mwa Henrik Fisker, Mdenmark aliyezaliwa mwaka 1963, aliyesomea usanifu wa magari Vevey, Uswisi, na kujiunga na BMW mwaka 1989. Ndani ya gari kulichorwa na Scott Lempert. Mradi ulipewa namba E52, na swali walilojipa lilikuwa la busara: kama 507 isingekatishwa mwaka 1959, kama ingeendelea kutengenezwa na kuboreshwa kizazi baada ya kizazi, mwishoni mwa karne ingefananaje?

Swali hilo linamwokoa msanifu na mtego mbaya kuliko yote wa kazi hii, wa kuchukua umbo la zamani na kulivalisha kitu kipya kwa nguvu. Kobe mpya ya Volkswagen, kwa mfano, ilikuwa na injini mbele, wakati umbo la Kobe halisi lilizaliwa kwa sababu injini ilikuwa nyuma; dashibodi ikawa na kina kirefu mno, na dereva akakaa mbali na kioo kama aliyekaa sebuleni. 507 haikuwa na shida hiyo. Injini ya silinda nane mbele, nguvu ikienda magurudumu ya nyuma, watu wawili wamekaa karibu na ekseli ya nyuma: mpangilio huo ulikuwa bado sahihi kwa gari la michezo mwaka 1999 kama ulivyokuwa mwaka 1955. Umbo la kale na mashine mpya vilitaka kitu kilekile.

Vipimo vinaonesha hilo bila kuhitaji maelezo. 507 ilikuwa na urefu wa milimita 4,380. Z8, gari lililozaliwa na mradi huo, ilitoka na 4,400. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa 2,480, ukawa 2,505. Kwa miaka 40 ambayo karibu kila gari duniani lilinenepa na kurefuka, hili liliongezeka sentimita mbili tu kwa urefu. Kilichokua ni upana, kutoka 1,650 hadi 1,830, kwa sababu matairi mapana na usalama wa ubavuni havina mjadala. Ukitazama picha za magari hayo mawili yakiwa ubavu kwa ubavu, ndiyo maana jicho halioni mzee na mjukuu. Linaona ndugu wawili, mmoja mwenye mabega mapana zaidi.

Sasa tazama Fisker alichukua nini na akaacha nini, maana hapo ndipo kazi ilipo. Zile figo zilizolala chali alizichukua. Kiuno kile nyuma ya mlango alikichukua pia, na boneti ndefu. Lakini taa za mbele za 507, zile duara mbili zilizo wazi, aliziacha. Akaweka taa za zenoni chini ya kioo kinachofuata mkunjo wa bodi. Nahisi hapo ndipo gari liliponusurika. Taa za mviringo ndicho kitu cha kwanza ambacho msanifu mvivu angekinakili, na papo hapo gari lingegeuka kuwa kichekesho, uso wa mwaka 1955 juu ya magurudumu ya inchi 18.

Tundu la pembeni alilichukua, na humo akaficha ujanja ninaoupenda kuliko wote katika gari hili. Nyuma ya ile mistari ya kromu, pembeni ya nembo ya BMW, kuna indiketa. Ikiwa imezimwa huioni kabisa. Unaona tundu la kupumulia la mwaka 1955, basi. Dereva akitaka kukata kona, mwanga wa rangi ya chungwa unachomoza kati ya kromu, kisha unapotea. Taa za nyuma nazo ni mirija myembamba ya neoni, teknolojia iliyokuwa mpya kwa gari wakati huo. Neoni inawaka haraka kuliko balbu, kwa hiyo aliye nyuma yako anaona breki mapema kidogo, na kwa msanifu ilimaanisha taa inaweza kuwa mstari mwembamba usioharibu mgongo wa gari.

Ndani, Lempert alifanya jambo ambalo halikuwepo kwenye 507. Saa za mwendo na mizunguko ya injini alizihamisha kutoka mbele ya dereva akaziweka katikati ya dashibodi, zimeinama kumwelekea. Mbele ya dereva hakukubaki kitu ila usukani wenye spoku nyembamba za chuma, kioo, na ile boneti ndefu ikienda mbali. Redio na ramani ya kielektroniki vikafichwa nyuma ya kifuniko. Vitufe vikapunguzwa hadi mtu aliyezoea BMW za miaka hiyo, zilizojaa swichi kama redio ya mkulima tajiri, angeweza kudhani gari halijamalizika. Sehemu za dashibodi zilipakwa rangi ya bodi, na injini iliwashwa kwa kubonyeza kitufe, miaka mingi kabla kitufe hicho hakijafika kwenye kila gari la mtumba bandarini.

Mfano wa kwanza ulioneshwa Tokyo mwaka 1997 kwa jina la Z07. Ulikuwa na vituko zaidi: paa gumu lenye vibyongo viwili juu ya vichwa vya abiria, na pezi nyuma ya kiti cha dereva kama magari ya mbio ya zamani. Watu walilipokea kwa shangwe hadi uongozi ukaamua liingie kiwandani. Kwa kawaida gari la maonesho likienda kiwandani hurudi limekatwa makali yote: milango imekuwa minene, magurudumu madogo, tabasamu limekwisha. Safari hii vibyongo na pezi viliondolewa, na karibu vyote vilivyobaki vikapita vilivyo. Nathubutu kusema toleo la kuuzwa lilitulia zaidi kuliko mfano.

Chini ya ngozi hakukuwa na uzee wowote. Fremu ilikuwa ya alumini, vipande vilivyosukumwa kwa mashine kisha kuchomelewa, na bodi ya alumini ikafungwa juu yake kwa bolti. Injini ilikuwa ile ya gari la BMW M5 la wakati huo, silinda nane, lita 4.9, nguvu za farasi 400. Ile ya 507 ilikuwa na lita 3.2 na farasi 150. Gia zilikuwa sita, za kubadili kwa mkono tu. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ilichukua sekunde 4.7, na kompyuta iliizuia kupita 250. Sehemu kubwa ya kazi ya kuunganisha ilifanyika Munich kwa mikono, na kila gari lilitoka na paa lake gumu. Safari hii paa lilienea.

Kabla ya wateja kulipata, lilipata sinema. BMW ilikuwa na mkataba na watengenezaji wa filamu za James Bond, na katika filamu ya mwaka 1999 Pierce Brosnan alipewa Z8 ya rangi ya fedha. Wakati wa kupiga picha magari halisi yalikuwa hayajakamilika ya kutosha kuchezewa, hivyo mengi yaliyoonekana yalikuwa bandia, bodi zilizowekwa juu ya chesisi ya gari jingine. Mwisho wake unajulikana na yeyote aliyeiona filamu hiyo: helikopta yenye misumeno inalipasua gari katikati kwa urefu. Tangazo la ajabu kwa gari la kifahari, na lilifanya kazi.

Watu wawili hawakuwa na nafasi ya kulifurahia ofisini. Februari 1999, miezi kadhaa kabla gari halijazinduliwa Frankfurt, Pischetsrieder na Reitzle waliondoka siku moja kufuatia msukosuko wa hasara za Rover. Mzee Goertz, hata hivyo, alikuwa hai. Aliliona gari akiwa na miaka 85, na BMW imependa kusimulia kwamba alisema laiti angeichora 507 upya wakati huo, ingetoka hivyo. Alifariki mwaka 2006.

Waliolinunua kwa kutaka gari la mbio walinuna. Kwa bei yake, iliyoanzia dola 128,000 hivi Marekani, mtu alitarajia lipambane na Ferrari 360 na Porsche 911. Waandishi walioliendesha kwa kasi walisifu injini, wakalalamikia usukani usiosema kinachoendelea chini ya matairi, na chesisi iliyokuwa ngumu kwa matembezi lakini isiyotulia kwenye kona za kweli. Nadhani lawama hiyo ni ya haki. Gari lilikuwa limechorwa kwa ajili ya barabara ndefu ya pwani jioni, wakalifunga matairi magumu yanayoweza kwenda bila upepo na kulifanya lijidai ni mwanariadha.

Kuna kasoro nyingine ambayo sisi wa barabara za mashimo tungeigundua wiki ya kwanza. Sehemu ya fremu inayopokea kichwa cha shokapu ya mbele ni ya alumini, na ikipigwa na shimo baya inaweza kuvimba juu kama uyoga. Hapo kingo za boneti na mistari ya bodi huanza kukataa kukutana. Ndiyo maana leo mnunuzi mwerevu wa Z8 hafungui mlango kwanza wala haulizi kilomita. Anafungua boneti na kupapasa vichwa vya shokapu. Wamiliki wengi wamefunga ufito wa chuma kati ya pande mbili kuzuia balaa hilo.

BMW nayo ilielewa kwamba ilikuwa imekosea tabia ya gari kuliko sura yake. Mwaka 2003, uzalishaji wa kawaida ulipokoma, kampuni ya Alpina ilipewa kutoa toleo la mwisho: injini ya lita 4.8 yenye nguvu pungufu kidogo lakini mvuto mkubwa kwenye mwendo mdogo, gia za kujibadili zenyewe, springi laini zaidi. Yalitengenezwa 555, mengi yakaenda Marekani. Wapenda magari wa asili walikunja pua kwa sababu ya gia. Mimi naona Alpina ndilo gari ambalo mchoro wa Fisker ulikuwa unaliomba tangu mwanzo.

Kwa jumla, pamoja na hayo ya Alpina, zilitoka Z8 5,703. Hoffman alitaka 5,000 kwa mwaka kwa dola 5,000. Ilichukua miaka minne na bei mara 25 kuifikia ile idadi yake ya mwaka mmoja. Na bado, ikilinganishwa na 507, hiyo ni mafuriko.

Kilichotokea sokoni baada ya hapo ni hadithi fupi. Magari mengi ya mtindo wa retro yalizeeka vibaya: Thunderbird mpya ya Ford, iliyotoka mwaka 2001 ikiwa na dirisha lake la mviringo kwenye paa, iliachwa baada ya miaka michache. Z8 haikushuka thamani sana kisha ikaanza kupanda. Ile iliyokuwa ya Steve Jobs wa Apple iliuzwa kwenye mnada New York, Desemba 2017, kwa dola 329,500, ikiwa na simu yake ya kukunja ya Motorola iliyokuja na gari. Mwaka uliofuata 507 ya Surtees iliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni milioni 3.8. Gari lililokuwa linaipa kampuni hasara kila lilipotoka getini sasa linagombewa kwa bei ambayo ingelipa mishahara ya kiwanda kile cha mwaka 1959 kwa muda mrefu.

Ya Elvis nayo ilipatikana. Ilikuwa imerudi Marekani, ikatolewa injini yake na kuwekewa ya Chevrolet kwa mashindano, kisha ikakaa miongo kadhaa California ndani ya ghala la maboga. BMW iliirudisha Munich mwaka 2014 na kuifanyia kazi kwa miaka miwili. Alumini iliyooza ikapigwa upya kwa mkono kama zamani; vishikio vya milango na vya kuteremshia vioo, ambavyo hakuna aliyekuwa navyo tena, vikatolewa kwenye mashine ya kuchapa vitu vya pande tatu. Mwaka 2016 ikaoneshwa Pebble Beach ikiwa nyeupe, rangi iliyokuwa nayo kabla ya lipstiki.

Fisker aliondoka BMW, akaongoza usanifu Aston Martin wakati wa kuzaliwa kwa DB9 na V8 Vantage, kisha akaanzisha kampuni zake mwenyewe za magari ya umeme. Ya kwanza ilifilisika mwaka 2013, ya pili mwaka 2024. Michoro ilikuwa mizuri yote miwili.